Kitenzi 'put off': maana zake na matumizi yake

Ni maneno mawili mafupi ambayo kila mwanafunzi wa Kiingereza hujifunza mapema. Yakiunganishwa, huweza kumaanisha kuahirisha jambo, kumvunja mtu moyo, kumvuruga asiweze kutulia, au hata kumshusha abiria njiani.

Kiingereza kina vitenzi vingi vinavyoundwa kwa neno la kitendo likifuatwa na neno dogo kama vile "up", "down", "on" au "off". Ugumu wa vitenzi hivyo ni kwamba maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za sehemu zake.

"Put" ni kuweka. "Off" huonyesha kuondoka au kuwa mbali na kitu. Lakini anayesema "We put off the wedding" hakuiweka harusi mahali popote, ameiahirisha.

Jambo hili si geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa kukiongezea viambishi: kuweka, kuwekea, kuwekelea, kuwekeza. Hakuna anayedhani kwamba kuwekeza fedha ni sawa na kuziweka mezani. Kiingereza hufanya kazi kama hiyo kwa neno dogo linalofuata kitenzi, na ndiyo sababu "put on", "put up", "put out" na "put off" ni vitenzi vinne tofauti.

Tazama kinachotendwa

Maana ya "put off" hutegemea zaidi kile kinachotendwa. Sentensi mbili zifuatazo zina maneno yanayokaribiana sana:

"She put off the visit." Aliahirisha ziara.

"The visit put her off." Ile ziara ilimkatisha hamu.

Katika sentensi ya kwanza kinachotendwa ni shughuli, yaani ziara. Katika ya pili anayetendwa ni mtu. Hiyo ndiyo kanuni ya kukumbuka: shughuli ikiwa "put off", tarehe yake imebadilika, mtu akiwa "put off", kwa kawaida moyo wake au umakini wake ndio ulioguswa.

Maana ya kwanza: kuahirisha

Hii ndiyo maana inayosikika mara nyingi zaidi, na huhusu mikutano, mechi, safari, harusi, mitihani na kesi.

"The match has been put off until Saturday." Mechi imeahirishwa hadi Jumamosi.

"They put the meeting off for a week." Waliahirisha mkutano kwa wiki moja.

Tofauti ya "until" na "for" katika mifano hiyo ni muhimu. "Until" hufuatwa na siku au tarehe mpya; "for" hufuatwa na urefu wa muda utakaopita.

Historia ya Uingereza ina mfano maarufu. Mfalme Edward wa Saba alitarajiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902. Siku mbili kabla ya sherehe ikabidi afanyiwe upasuaji kwa sababu ya ugonjwa wa tumboni. Kutawazwa kwake kukawa "put off", na kukafanyika tarehe 9 Agosti mwaka huo huo.

Nchini Tanzania, uchaguzi mkuu wa mwaka 2005 ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba. Baada ya kifo cha mgombea mwenza wa urais wa chama cha Chadema, uchaguzi huo uliahirishwa na wananchi wakapiga kura tarehe 14 Desemba. Kwa Kiingereza inasemwa kwamba uchaguzi ulikuwa "put off until 14 December".

Mashindano ya soka ya CHAN yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda nayo yalikuwa yafanyike Februari 2025. Mwezi Januari mwaka huo ikatangazwa kwamba yanasogezwa hadi Agosti, na kweli yakachezwa mwezi huo. Hapo pia kitenzi kinachofaa ni "put off".

Mifano yote hiyo mitatu ina jambo moja la pamoja. Shughuli haikufa, ilipewa siku nyingine.

'Put off' si 'call off'

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kiingereza kina kitenzi kingine, "call off", ambacho maana yake ni kufuta kabisa. Vyote viwili huishia na "off", na vyote hutangazwa pale ambapo shughuli haitafanyika siku iliyopangwa. Hata hivyo, matokeo yake si sawa.

Michezo ya Olimpiki inaonyesha tofauti hiyo vizuri, tena katika jiji moja. Tokyo ilikuwa imepewa michezo ya mwaka 1940. Japani ikajitoa mwaka 1938 ikiwa katika vita na China, michezo ikahamishiwa Helsinki, kisha vita vya pili vya dunia vikaizuia isifanyike kabisa. Michezo hiyo ilikuwa "called off".

Miaka 80 baadaye Tokyo ilikuwa tena mwenyeji. Mwezi Machi 2020, kutokana na janga la korona, ilitangazwa kwamba michezo ya mwaka huo itasubiri hadi mwaka unaofuata. Ilifanyika Julai na Agosti 2021, na Wakenya Eliud Kipchoge na Peres Jepchirchir wakashinda mbio za marathoni za wanaume na wanawake. Michezo hiyo ilikuwa "put off", si "called off".

Kwa mtu anayeishi ugenini, kuchanganya vitenzi hivi viwili kunaweza kumgharimu. Mathalani, karani wa hospitali anapiga simu na kusema: "Your appointment has been put off until the 12th." Msikilizaji anaelewa kwamba miadi imefutwa, naye hafiki siku hiyo ya tarehe 12. Nchini Uingereza mgonjwa asiyefika hospitali kwa miadi yake anaweza kuondolewa katika orodha ya wanaosubiri na kurudishwa kwa daktari wake wa kawaida, aanze upya.

Uzito wa jambo huongezeka zaidi mahakamani. Nchini Marekani, mtu asiyefika mbele ya jaji wa uhamiaji siku aliyopangiwa anaweza kutolewa amri ya kuondolewa nchini hata yeye mwenyewe asipokuwapo. Kesi iliyo "put off" ni kesi ambayo bado ipo, na siku yake mpya lazima ijulikane.

Mtego wa neno 'mbele'

Kiswahili husema kwamba mkutano "umesogezwa mbele", na maana yake kwa kawaida ni kwamba utafanyika baadaye kuliko ilivyopangwa. Ni rahisi basi kutafsiri moja kwa moja na kusema kwa Kiingereza kwamba mkutano umekuwa "brought forward".

Kufanya hivyo ni kusema kinyume cha kilichokusudiwa. Kwa Mwingereza, "to bring a meeting forward" ni kuufanya mapema zaidi. Mkutano wa Ijumaa ulio "brought forward" unaweza kufanyika Jumatano, na aliyetoa taarifa hiyo akiwa na maana ya wiki ijayo atawakuta wenzake wamekwisha kukutana bila yeye.

Upande wa pili una mtego wake pia. Waingereza husema mkutano umekuwa "put back" wakiwa na maana kwamba umecheleweshwa, ilhali Mswahili akisikia kwamba jambo limerudishwa nyuma huweza kudhani kwamba siku yake imekaribia.

Hata wenyeji wa lugha hawasalimiki. Wazungumzaji wa Kiingereza wakiambiwa kwamba mkutano wa Jumatano umekuwa "moved forward" kwa siku mbili, baadhi huelewa kwamba ni Jumatatu na wengine kwamba ni Ijumaa.

"Put off" haina utata huo. Shughuli iliyo "put off" haiwezi kamwe kuwa imeletwa karibu. Kwa sababu hiyo, ni tafsiri salama zaidi ya kuahirisha na ya kusogeza mbele, hasa ikitajwa pamoja na tarehe mpya.

Kuahirisha kwa uvivu au kwa woga

Si kila kuahirisha hutokana na dharura. Mara nyingi "put off" hutumika kwa mtu anayekwepa jambo asilolipenda, leo akisema kesho, na kesho akisema kesho kutwa.

"He keeps putting off going to the dentist." Kila mara anaahirisha kwenda kwa daktari wa meno.

"I can't put it off any longer." Siwezi kuliahirisha tena jambo hili.

Waingereza wana methali isemayo "Never put off till tomorrow what you can do today", ambayo haiko mbali na ile ya Waswahili: linalowezekana leo lisingoje kesho.

Maana ya pili: kumkatisha mtu hamu au tamaa

Mtu anapokuwa ndiye anayetendwa, maana hubadilika. Hapo "put off" ni kumfanya asipende kitu, asikitake, au aogope kuendelea nacho.

"The price put me off." Bei ilinifanya nighairi.

"The smell put him off his food." Harufu ile ilimkata hamu ya kula.

"His manners put people off." Tabia zake huwafanya watu wamkwepe.

Matangazo ya kazi hutumia sana maana hii. Mwombaji anaweza kusoma sentensi ifuatayo: "Don't be put off if you do not meet every requirement." Hapa hakuna kilichoahirishwa. Mwajiri anasema kwamba mtu asivunjike moyo kwa kukosa sifa moja au mbili kati ya zilizotajwa; aombe hata hivyo. Asiyejua maana hii hupita na kuiacha nafasi ambayo tangazo lenyewe lilimtaka aiombe.

Kutokana na maana hiyo limezaliwa neno "off-putting", ambalo ni kivumishi. Sehemu zake zimegeuzwa, ya nyuma ikawa mbele. Sauti, harufu, sura au tabia iliyo "off-putting" ni ile inayomfanya mtu asite au ajitenge. Neno hilo si tusi zito, lakini si la kumwambia mwenyeji kuhusu chakula alichopika.

Maana ya tatu: kumvuruga mtu

Mwanafunzi aliye katikati ya mtihani, mpigaji penalti uwanjani na dereva anayejifunza huweza wote kutumia "put off" kwa maana ya kuvurugwa, hasa katika Kiingereza cha Uingereza.

"Stop whistling, you're putting me off." Acha kupiga mluzi, unanivuruga.

"The noise put the player off and he missed." Kelele zilimvuruga mchezaji, akakosa.

Maana hii inakaribiana na ile ya pili, lakini muda wake ni mfupi. Aliyekatishwa hamu huacha jambo. Aliyevurugwa hukosea kwa dakika moja, kisha huendelea.

Upo pia msemo "to put someone off the scent", uliotokana na uwindaji wa kutumia mbwa. Mbwa hufuata harufu ya mnyama, na akipotezwa harufu hiyo hukimbilia kwingine. Siku hizi msemo huo hutumika kwa mtu anayewapoteza lengo wapelelezi au waandishi wa habari ili wasiufikie ukweli.

Maana ya nne: kumzungusha mtu

Iko hali moja ambayo mtu hutendwa, lakini maana inarudi kwenye kucheleweshwa. Ni pale mdai anapopigwa danadana na mdaiwa, au mwenye shida anapoambiwa "njoo kesho" kila afikapo ofisini.

"He put me off with promises." Alinizungusha kwa ahadi.

"We were expecting guests, but we had to put them off." Tulikuwa tukitarajia wageni, lakini ilitubidi tuwaombe wasije kwanza.

Mfano huo wa mwisho unahitaji uangalifu. Wageni hawakuchukizwa na chochote. Waliombwa waje siku nyingine. Kinachomwongoza msomaji ni maneno mengine yaliyomo katika sentensi. Aliye "put off by" kitu amevunjwa moyo na kitu hicho. Aliye "put off with" ahadi au visingizio amezungushwa.

Maana za zamani na za pembeni

Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukutana na kitenzi hiki mahali pasipo na kuahirisha wala kukatisha tamaa. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3, Musa anapoamriwa avue viatu vyake mbele ya kijiti kinachowaka moto, wafasiri wa zama hizo walitumia "put off" kwa maana ya kuvua.

Maana hiyo imekwisha kutoka katika mazungumzo ya kawaida. Leo kinyume cha "put on", yaani kuvaa, ni "take off". Anayesema "I put off my coat" atasikika kama mtu wa karne nyingine, au ataulizwa ni vipi koti linaahirishwa.

Maana nyingine isiyosikika sana ni kumshusha abiria. "The conductor put him off the bus" ni kusema kwamba utingo alimteremsha mtu kwenye basi, pengine kwa kukosa nauli.

Katika Afrika Mashariki husikika pia "Put off the light" kwa maana ya kuzima taa. Anayesema hivyo hueleweka nyumbani, lakini nchini Uingereza na Marekani kauli ya kawaida ni "Turn off the light" au "Switch off the light". Vivyo hivyo kwa simu, redio na jiko. Ajabu ni kwamba kuwasha taa huweza kuitwa "put on the light" nchini Uingereza bila mtu yeyote kushangaa.

Kanuni chache za sarufi

Kwanza, umbo la kitenzi hiki halibadiliki katika wakati uliopita. Ni "put" leo na "put" jana. Kikiongezwa "-ing" hupata "t" mbili: "putting off".

Pili, maneno yake mawili huweza kutenganishwa. Inaruhusiwa kusema "put off the meeting" na pia "put the meeting off". Lakini kikitumika kiwakilishi kama "it", "them", "me" au "her", lazima kikae katikati. Ni "put it off" na "put me off". "Put off it" si sahihi.

Tatu, kitenzi kinachofuata "put off" huchukua "-ing". Husemwa "She put off buying the ticket", wala si "She put off to buy the ticket". Hili ni kosa la kawaida kwa Waswahili, kwa kuwa Kiswahili husema "aliahirisha kununua tiketi".

Nne, sababu ya kuahirisha hutajwa kwa "because of": "The match was put off because of rain." Ikitumiwa "by" pamoja na watu, maana huwa nyingine: "The fans were put off by the rain." Hapa mechi ilichezwa, mashabiki ndio waliovunjwa moyo na mvua.

Katika lugha rasmi

"Put off" ni lugha ya mazungumzo, ya simu na ya barua za kirafiki. Hukubalika pia katika habari za magazeti. Hata hivyo, barua za ofisi, za mahakama na za vyuo hupendelea maneno yenye asili ya Kilatini.

"Postpone" ndilo linalofanana nalo zaidi katika maana ya kuahirisha. Neno hilo lenyewe limeundwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kuweka baadaye, kwa hiyo si mbali na "put off" hata kwa muundo.

"Defer" hutumika sana vyuoni. Mwanafunzi aliyepata nafasi lakini akaomba aanze mwaka unaofuata amefanya "defer". "Adjourn" ni kusimamisha kikao au kesi ili iendelee siku nyingine. "Procrastinate" ni kuahirisha kwa uvivu au woga, na ndani yake limo neno la Kilatini lenye maana ya kesho.

Yako maneno rasmi ya maana nyingine pia. Kukatisha tamaa ni "discourage" au "deter", na kuvuruga umakini ni "distract". Ikumbukwe kwamba hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloweza kuchukua nafasi ya "put off" katika maana zake zote.

Swali la kuuliza

Katika mazungumzo, njia fupi ya kuepuka kosa ni kuuliza tarehe. Anayeambiwa kwamba shughuli yake imekuwa "put off" aulize mara moja: "Until when?" Yaani, hadi lini?

Ikiwa jibu ni siku fulani, aiandike. Ikiwa jibu ni kwamba siku haijapangwa, shughuli bado ipo na atapaswa kufuatilia. Na iwapo bado ana shaka, swali moja litamwondolea: "Has it been put off, or called off?"